Django Reinhardt: Gitaa katika mkono uliofunzwa upya

WAPIGA gitaa wa pwani ya kusini, kuanzia Diani hadi Gazi na kwenye kisiwa kidogo cha Chale kilicho mkabala wa ufuo huo, wanaijua asubuhi ya majira ya kusi ambapo vidole hukataa kukunjuka. Wengi wao hawaishi kwa gitaa pekee. Mchana mtu huvuta nyavu au hufua nazi kwenye kifuo, na magharibi huvaa shati la maua akaenda kuwatumbuiza wageni hotelini. Mkono ni ule ule mmoja. Ukikaza, hukandwa kwa maji ya moto, ukachuliwa kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa, na mwenyewe huketi akivikunja na kuvikunjua vidole huku akihesabu saa zilizobaki kabla ya kupanda jukwaani. Asiyepiga usiku huo hana cha kupeleka nyumbani.

Katika historia ya chombo hicho, maisha yanayoieleza hofu hiyo kwa ukamilifu zaidi ni ya Jean Reinhardt, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Django. Alifariki mwaka 1953, na hadi leo mpiga gitaa anayewataja waliokuwa bora kabisa hawezi kumruka. Sifa hiyo aliipata akiwa na mkono wa kushoto ambao vidole vyake viwili, cha pete na cha mwisho, vilikuwa vimekauka na kujikunja kuelekea kiganjani.

Kisa chake husimuliwa mara nyingi kama muujiza: kijana aliungua, akakata tamaa, akapewa gitaa, akawa nguli. Msimulizi anayekwenda kasi namna hiyo huiruka sehemu yenye mafunzo zaidi, yaani ile miezi kumi na minane ambayo mtu alilala kitandani na mkono usiomtii. Makala haya yatakaa hapo kwa muda.

Django alizaliwa tarehe 23 Januari 1910 katika kijiji cha Liberchies nchini Ubelgiji, ndani ya gari la kukokotwa na farasi ambalo ndilo lililokuwa nyumba ya wazazi wake. Walikuwa Waroma wa ukoo wa Manouche. Waroma ni jamii yenye asili ya kaskazini mwa Bara Hindi, ambayo imeishi Ulaya kwa karne nyingi ikihama kutoka mji hadi mji, ikipendwa kwa muziki wake na kufukuzwa kwa kila sababu nyingine. Wazazi wake walikuwa watumbuizaji, na jina la Reinhardt lilikuwa la upande wa mama. Baada ya mizunguko mingi, familia iliegesha magari yake nje ya jiji la Paris, kwenye ardhi iliyoachwa wazi kandokando ya ngome za kale, mahali pa fukara na waokota vyuma.

Shule hakuisoma. Mpaka utu uzima hakujua kusoma wala kuandika, na noti za muziki hazikuwahi kumwambia kitu. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi jirani alimpa banjo yenye shingo ya gitaa, naye akajifunza kwa kutazama vidole vya wakubwa na kuviiga. Haukupita muda mrefu akawa analipwa katika kumbi za dansi za Paris, akiwasindikiza wapiga kodiani waliokuwa wafalme wa kumbi hizo. Mwaka 1928 alirekodi santuri zake za kwanza pamoja na mpiga kodiani Jean Vaissade. Kwa kuwa mwenyewe hakuweza kuliandika jina lake, kampuni iliandika ilichosikia, na lebo ikachapishwa Jiango Renard.

Mwaka huo ulielekea kuwa wa neema. Jack Hylton, kiongozi wa bendi mashuhuri ya Uingereza, alifika Paris kumsikiliza na akampa kazi. Django alikuwa na miaka kumi na minane, ameoa kwa desturi za kwao, na mkewe Bella, aliyekuwa mjamzito, alikuwa akitengeneza maua ya bandia kwa ajili ya kuuzwa. Maua hayo yalikuwa ya seluloidi, kitu kinachoshika moto upesi kama karatasi iliyomwagiwa mafuta.

Usiku mmoja wa vuli mwaka huo, baada ya kurejea kutoka kazini, mshumaa ulianguka ndani ya lile gari lililojaa maua. Moto ulienea kwa kufumba na kufumbua. Bella alitoka akiwa amejeruhiwa kidogo. Django alijifunika blanketi akapenya ndimi za moto, lakini upande wa kulia wa mwili wake uliungua vibaya kuanzia gotini hadi kiunoni, na mkono wa kushoto uliokuwa umeshika blanketi ukateketea mgongoni. Madaktari walitaka kuukata mguu. Alikataa, na jamaa zake wakamwondoa hospitalini hapo wakampeleka kwingine.

Hapa inafaa kukumbuka dunia ya tiba ilivyokuwa. Mnamo Septemba mwaka huo huo wa 1928, Alexander Fleming aligundua jijini London ukungu uliokuja kuzaa dawa ya penisilini, lakini wagonjwa hawakuanza kunufaika nayo hadi miaka ya 1940. Mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili alikuwa na adui wawili: usaha, ambao ungeweza kumuua, na kovu. Hilo la pili hukawia, na ndilo humaliza kazi za watu.

Kovu la moto lina tabia ya kujivuta. Kwa miezi mingi baada ya jeraha kufunga, ngozi mpya huendelea kukaza na kuburura kila kilicho karibu nayo. Ndiyo sababu siku hizi aliyeungua mkono huvalishwa gango mapema ili vidole visijikunje, na wataalamu wa viungo huanza kuvinyoosha kidonda kikiwa bado hakijasahaulika. Kwa Django, kovu na kano zilizoharibika mgongoni mwa mkono zilivivuta vile vidole viwili vya mwisho vikakaa kama ndoana. Kano zikishaharibika kiasi hicho, hakuna kukanda wala mafuta yatakayozirudisha.

Laiti ugumu wote wa vidole ungekuwa wa namna hiyo, habari ingeishia hapo. Lakini ugumu ni wa aina mbili, na Django alikuwa na zote. Kulikuwa na vidole viwili vilivyokufa kwa kiasi kikubwa, na kulikuwa na vitatu vilivyosalimika, gumba, shahada na cha kati, ambavyo navyo vilikuwa vimelala muda mrefu chini ya bendeji vikadhoofu na kuuma kila vilipoguswa. Aina hii ya pili hulegea. Misuli mikubwa inayokunja na kukunjua vidole haimo vidoleni. Imo kwenye kigasha, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Mkono uliokaa bila kazi hupoteza nguvu huko juu pia. Mpigaji anayekanda ncha za vidole tu na kukisahau kigasha ameshughulikia nusu ya tatizo.

Nduguye mdogo, Joseph, ambaye pia alikuwa mpiga gitaa, ndiye aliyempelekea gitaa kitandani. Lilikuwa gitaa, si banjo aliyoizoea, na hilo lilikuwa na maana yake: sauti ya gitaa ni laini zaidi, nalo halikumtaka arudi moja kwa moja kwenye vurugu za kumbi za dansi. Akaanza upya, mgonjwa asiye na mwalimu wala kitabu, akiwa na saa zote za mchana mbele yake. Madaktari hawakutegemea kwamba angepiga tena.

Kinachoonekana katika alichokuja kukifanya baadaye ni kwamba hakupoteza miezi hiyo akijaribu kuvilazimisha vidole viwili vilivyokufa virejee. Historia ya muziki ina mfano wa aliyelazimisha. Robert Schumann, Mjerumani aliyetaka kuwa mpiga piano mkubwa katika miaka ya 1830, alijaribu kukitia nguvu kidole cha mkono wa kulia kwa kifaa maalumu. Mkono ukaharibika, naye akaacha ndoto ya jukwaa na kubaki mtunzi. Wataalamu hawakubaliani iwapo kifaa ndicho kilichomdhuru, ila hakika hakikumponya.

Django alifanya lililo kinyume: aliibadilisha njia ya kulipiga gitaa. Kwa kawaida vidole vinne vya kushoto hugawana kazi, kila kimoja kikilinda eneo lake, na mkono hukaa mahali pamoja huku muziki ukivuka kutoka uzi hadi uzi. Mwenye vidole viwili hawezi kufanya hivyo. Yeye aliupeleka mkono wote kwa urefu wa shingo ya gitaa, juu na chini, shahada na cha kati vikikimbizana kwenye uzi mmoja au miwili, vikiteleza mahali ambapo mwingine angenyanyua na kukanyaga. Sauti zile zinazoporomoka mfululizo kama shanga zilizokatika uzi, ambazo vijana wenye vidole vinne huhangaika kuziiga, zilitokana na mwendo huo. Gumba lake alilipitisha juu ya shingo likabana uzi mnene.

Na hapa inafaa kurekebisha jambo ambalo hata waandishi makini huliandika nusu. Si kweli kwamba vile vidole viwili havikufanya lolote. Alivisogeza akavikalisha juu ya nyuzi mbili nyembamba, vikiwa vimejikunja vivyo hivyo, vikasaidia kubana sauti kadhaa kwa pamoja anaposindikiza wimbo. Kukimbia havikuweza, lakini kusimama waliweza kusimamishwa. Filamu fupi iliyopigwa mwishoni mwa miaka ya 1930, ambayo leo yeyote mwenye simu anaweza kuitazama, inaonyesha mkono huo kwa karibu: viwili vinakimbia, na viwili vimekaa pembeni kama wazee barazani, vikiitwa pale tu vinapohitajika.

Msomaji wa Afrika Mashariki pengine hatashangazwa na uchache wa vidole. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952, aliupigisha mkono wake wa kulia kwa gumba na shahada peke yake, na kutokana na vidole hivyo viwili watu walidhani wanasikia magitaa mawili. Mwenda aliufuata mtindo huo akiwa mzima. Django hakuwa na hiari.

Alipotoka hospitalini, yapata mwaka 1930, Bella alikuwa ameondoka, na mtoto wao wa kiume alilelewa mbali naye. Kazi ya Jack Hylton ilikuwa imekwenda zake. Aliungana na Sophie Ziegler, maarufu kama Naguine, aliyebaki naye hadi mwisho, wakateremka kusini mwa Ufaransa wakipiga muziki mitaani na mikahawani. Mjini Toulon, mwaka 1931, mchoraji Émile Savitry aliwapeleka chumbani kwake akawachezea santuri za Louis Armstrong. Django aliinamisha kichwa akalia. Muziki wa jazi ukawa wake kuanzia siku hiyo.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nayo tutayapita kwa haraka. Mwaka 1934, katika hoteli ya Claridge jijini Paris, yeye na mpiga fidla Stéphane Grappelli walikuwa wakijiburudisha nyuma ya pazia wakati wa mapumziko, na mchezo huo ukazaa kundi lililoitwa Quintette du Hot Club de France. Walikuwamo pia Joseph, mpiga gitaa Roger Chaput na Louis Vola wa besi. Nyuzi tupu, bila ngoma wala tarumbeta, jambo ambalo kampuni za santuri zililiona kichekesho mpaka santuri zilipoanza kununuliwa. Wamarekani waliopita Paris, wakiwemo Coleman Hawkins na Benny Carter, walirekodi naye. Ulaya ilikuwa imempata mwanajazi wa kwanza ambaye Marekani yenyewe ilimsikiliza ili ijifunze.

Kwa tabia hakuwa mtu wa kutegemewa. Alicheza kamari akapoteza mapato ya wiki kwa usiku mmoja. Aliacha tamasha lililokwisha kulipiwa akaenda kuvua samaki au kucheza biliadi. Grappelli, aliyemfundisha kuliandika jina lake, alikonda kwa kumtafuta. Wapenzi wake huyaita hayo uhuru wa msanii. Wenzake wanne waliobaki jukwaani wakiwaomba radhi watu bila shaka walikuwa na jina jingine.

Vita vilipotangazwa Septemba 1939, kundi lilikuwa London. Grappelli alibaki huko. Django alirudi Paris. Mwaka uliofuata Wajerumani waliuteka mji huo, na ilikuwa katika Ufaransa iliyotekwa ndipo aliporekodi wimbo wake mashuhuri kuliko yote, Nuages, mwaka 1940. Utawala wa Hitler uliwaua Waroma kwa malaki kote Ulaya. Django aliendelea kupiga muziki mbele ya maofisa wa jeshi lile lile. Mwaka 1943 alijaribu kuvuka mpaka kuingia Uswisi, akakamatwa, akaachiliwa na ofisa wa Kijerumani aliyekuwa mpenzi wa jazi. Akajaribu tena, na mara hii walinzi wa Uswisi ndio waliomrudisha. Mwaka huo huo alifunga ndoa rasmi na Naguine, na mwaka 1944 akazaliwa mwana wao, Babik, aliyekuja naye kuwa mpiga gitaa.

Mwishoni mwa mwaka 1946 alisafiri Marekani kwa mwaliko wa Duke Ellington. Hakubeba gitaa, akiamini watengenezaji wa huko wangegombea kumpa lao. Hawakugombea. Ilibidi apigie gitaa la umeme asilolizoea, na kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, usiku wa pili, alifika amechelewa mno kwa sababu alikuwa amekutana na bondia Marcel Cerdan wakaanza mazungumzo. Alirudi nyumbani mapema mwaka 1947 akiwa amevunjika moyo.

Lakini kuna jambo katika miaka yake ya mwisho ambalo halitajwi vya kutosha. Wapigaji wengi wa rika lake waliukataa mtindo mpya wa jazi uliotoka New York, wenye kasi na sauti za kukwaruzana. Django, aliyekwisha kujifunza gitaa mara mbili, akajifunza mara ya tatu. Alichukua gitaa la umeme akazungukwa na vijana, na rekodi alizofanya tarehe 8 Aprili 1953, ambazo zilikuwa za mwisho, zina sauti ya mtu anayetafuta na bado hajafika.

Tangu mwaka 1951 alikuwa akiishi Samois, kijiji tulivu kando ya mto Seine karibu na Fontainebleau, akivua samaki na kuchora picha. Kichwa kilikuwa kikimuuma. Alichukia madaktari na aliogopa sindano, na si ajabu kwa mtu aliyelala hospitali miezi kumi na minane katika ujana wake, kwa hiyo hakutaka kupimwa. Tarehe 16 Mei 1953, Jumamosi, akirudi kutoka kituo cha reli cha Avon, alianguka kijijini. Daktari alichelewa kupatikana. Alipofikishwa hospitali ya Fontainebleau alikuwa ameshakata roho kwa damu iliyovuja ubongoni. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, akazikwa Samois.

Miaka kumi na miwili baadaye, katika kiwanda kimoja mjini Birmingham, Uingereza, mashine iliziondoa ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia wa kijana aitwaye Tony Iommi. Kijana huyo alipiga gitaa kwa kushoto, kwa hiyo mkono uliokatwa ndio uliobana nyuzi. Msimamizi wake kazini alikwenda kumtembelea na santuri, akamtaka asikilize kwanza, kisha ndipo akamweleza kuhusu mkono uliokuwa ukipiga. Ilikuwa santuri ya Django. Iommi alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, akafunga nyuzi nyembamba zisizoumiza, na baadaye akaanzisha kundi la Black Sabbath.

Joseph Reinhardt, yule mdogo mtu aliyebeba gitaa hadi kitandani, aliishi miaka 29 zaidi ya kakake. Aliendelea kupiga muziki, mara nyingi akisindikiza, akafariki mwaka 1982.